Kagunga na Askari Waliokataa Vita

Mwezi Mei 2015 mwalo wa Kagunga, kijiji cha mkoa wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, haukuwa na nafasi hata ya kuanika dagaa. Ukanda ule mwembamba wa mchanga, ziwa mbele na milima nyuma, ulikuwa umejaa watu waliolala juu ya mikeka, khanga na mabunda ya nguo. Kijiji cha watu wapatao elfu kumi na moja kilikuwa kimepokea makumi ya maelfu ya Warundi katika muda wa wiki chache. Hapakuwa na barabara ya gari ya kuwatoa pale. Palikuwa na njia ya miguu ya kupanda milima, na palikuwa na maji.

Basi ikaitwa MV Liemba. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufukwe kwa kukosa gati, boti za wavuvi zikawa zinapeleka watu hadi ubavuni mwake: wazee, wajawazito, watoto waliofungwa mgongoni, magodoro, sufuria. Ilibeba watu wapatao 600 kwa safari moja, ikawashusha Kigoma, ikarudi kuchukua wengine. Kigoma walihifadhiwa kwanza uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kipindupindu hakikuwasubiri wafike. Kufikia tarehe 22 Mei kilikuwa kimeua watu 31, wakimbizi 29 na wenyeji wawili.

Habari hiyo iliandikwa sana kama habari ya wakimbizi, na ilistahili. Lakini ndani yake ipo habari nyingine ambayo haikupata kurasa nyingi. Inawahusu vijana waliokuwa na bunduki mikononi, risasi mifukoni na makamanda nyuma yao, wakaona kuna mahali ambapo bunduki haipaswi kuelekezwa.

Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi, CNDD-FDD, kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kesho yake vijana wa Bujumbura waliingia barabarani. Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na Ngagara ndiyo mitaa iliyokuwa ikitajwa redioni kila siku, hadi redio zenyewe zilipofungwa na kuchomwa. Polisi walitumia mabomu ya machozi, maji ya kuwasha na risasi za moto. Jeshi nalo lilitoka kambini, na hapo ndipo mambo yalipokwenda tofauti na mazoea ya Burundi. Askari wa jeshi walisimama katikati. Katika picha zilizosambaa duniani wiki zile wanaonekana wakiwa wamevaa kombati na helmeti, polisi upande mmoja, waandamanaji upande wa pili, vijana wakiimba nyuma ya migongo yao kama watu waliojibanza kwenye ukuta.

Yapo mambo ya siku moja, tarehe 7 Mei huko Cibitoke, yanayofaa kutazamwa kwa karibu. Kijana mmoja alishukiwa kuwa mfuasi wa Imbonerakure, umoja wa vijana wa chama tawala ambao waandamanaji waliuogopa kuliko polisi. Umati ulimwandama na mawe na marungu. Akajitosa ndani ya mtaro wa maji machafu, akabaki humo huku watu wakimsubiri juu. Askari waliokuwa wakilinda mtaa ule walifyatua risasi hewani, umati ukatawanyika, kijana akaokoka. Tukio hili lina uzito wake. Askari wale wale walioshangiliwa kwa kuwakinga waandamanaji dhidi ya polisi, ndio waliowazuia waandamanaji wasiue. Hawakuwa wamechagua kambi ya kisiasa. Walikataa mauaji, ya upande wowote.

Tarehe 2 Mei Waziri wa Ulinzi, Jenerali Pontien Gaciyubwenge, alikuwa ametamka hadharani kwamba jeshi halitaegemea upande wowote na kwamba haki za raia ziachwe bila kuguswa. Siku chache baadaye Mahakama ya Katiba ilihalalisha muhula wa tatu, na makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, akakimbia nchi badala ya kutia saini hukumu ile. Mmoja jenerali, mwingine jaji. Wote wawili walipelekewa jambo la kutimiza, wakakataa.

Msomaji wa Kigoma mwenye umri wa kutosha anajua kwa nini jeshi kusimama katikati lilikuwa jambo zito. Mwaka 1972 jeshi la Burundi, lililokuwa mikononi mwa maofisa wa Kitutsi, liliua Wahutu kwa mfululizo wa miezi kadhaa: walimu, makarani, wanafunzi, hata askari wenzao. Makadirio ya waliokufa yanaanzia laki moja na kufika laki tatu. Waliookoka walivuka kuja upande huu, ndipo yakaanzishwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Marais watatu waliofuatana kutoka jeshini, Micombero, Bagaza na Buyoya, walitoka wote mkoa mmoja wa Bururi. Kwa Mrundi wa kizazi kile, gwanda la jeshi likionekana mtaani, mtu huwaita watoto ndani na kufunga mlango.

Kilichobadilisha jeshi hilo kilitengenezwa kwa sehemu kubwa Tanzania. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mazungumzo ya Arusha ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akapokea kazi, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba ule uliweka sharti kwamba kabila moja lisizidi nusu ya vyombo vya ulinzi na usalama. Novemba 2003, Dar es Salaam, serikali na CNDD-FDD, wakati ule wakiwa bado waasi, walitia saini makubaliano ya kusimamisha vita, na kuanzia mwaka uliofuata waliokuwa wakiwindana porini wakaingizwa kwenye jeshi moja. Walilala bweni moja, wakala sahani moja. Walipelekwa pamoja Somalia kuanzia Desemba 2007, na wengi walirudi ndani ya majeneza. Basi yule askari wa Musaga mwaka 2015, kama angefyatua, huenda angempiga ndugu wa mwenzake aliyesimama naye bega kwa bega. Kukataa kwake kulikuwa na mizizi. Ushujaa wa mtu ni wake mwenyewe, lakini ile miaka kumi ya kuishi pamoja ilimwandalia mahali pa kusimama.

Tarehe 13 Mei jeshi hilo lilipasuka. Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua. Baada ya siku mbili za mapigano katikati ya Bujumbura, mapinduzi yalishindwa. Jambo hili lisichanganywe na lile la mwanzo. Aliyesimama kati ya polisi na raia hakuwa akitafuta Ikulu. Ila baada ya mapinduzi kushindwa, wote waliwekwa kwenye mzani mmoja. Gaciyubwenge aliondolewa uwaziri tarehe 18 Mei. Katika miaka iliyofuata, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchunguzi kuhusu Burundi ilieleza jinsi wanajeshi, hasa wa jeshi la zamani la kabla ya kuunganishwa na waasi, walivyokamatwa, kuuawa na kupotezwa. Lile jeshi la kusimama katikati lilivunjwa mtu mmoja mmoja.

Miaka minane baadaye swali la askari kukataa amri lilirudi, safari hii kwa sura ya vita vya nchi nyingine.

Kutoka Kagunga, hali ya hewa ikiwa safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa. Machi 2023 Burundi ilipeleka askari Kivu Kaskazini chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi yao ikiwa kusimamia usitishaji wa mapigano kati ya serikali ya Kongo na waasi wa M23. Hilo lilijulikana na kila mtu. Baadaye mwaka huo huo, serikali za Kongo na Burundi zilikubaliana pembeni kwamba askari wengine wa Burundi wapigane sambamba na jeshi la Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwishoni mwa 2023 kwamba askari hao walivalishwa sare za jeshi la Kongo.

Hebu fikiria maana ya kubadilishwa sare. Mwanajeshi huapa mbele ya bendera, na bendera ile hushonwa begani. Sheria za vita humlinda kwa sababu anatambulika: akitekwa, ni mfungwa wa vita, akifa, nchi yake inadaiwa mwili wake na mjane wake anadai kiinua mgongo. Akivuliwa bendera ile na kuvalishwa ya jirani, anauliza jambo ambalo hata mtoto angeuliza: nikifa leo, nani atasema nilikuwa wake?

Baadhi yao waliuliza, wakakataa. Kati ya mwishoni mwa 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, vyombo vya habari vya Warundi walio uhamishoni na mashirika ya habari ya kimataifa viliripoti kukamatwa kwa askari wa Burundi waliogoma kupelekwa, au kuendelea kupigana, dhidi ya M23. Idadi ilipanda wiki hadi wiki. Mwaka 2024 askari zaidi ya 270 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, kesi ikiendeshwa Rutana, kusini mashariki mwa Burundi, upande unaopakana na mkoa wa Kigoma. Wengi walihukumiwa vifungo virefu.

Watu wasiopungua 270! Si mtu mmoja aliyepatwa na woga usiku. Ni karibu kombania tatu nzima za askari waliofunzwa, katika jeshi lililopigana na al-Shabaab huko Somalia kwa miaka zaidi ya kumi na mitano. Anayewaita waoga aeleze kwanza mwoga gani huchagua gereza la kijeshi la Burundi, huku akijua familia yake itabaki bila mshahara na majirani watamwita mkewe mke wa msaliti.

Lipo jibu la makamanda, na ni jibu la kuheshimiwa. Jeshi haliwezi kuwa baraza la kijiji. Askari akiachiwa kuchagua vita, siku ya kulinda mpaka kila mtu atakuwa na sababu zake. Tanzania yenyewe imezika vijana wake waliokufa Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa huko Semuliki, Beni, wakishikilia kambi yao kwa saa nyingi za mapigano. Hakuna anayeandika habari za waliokataa kwa nia ya kuwavunjia heshima wale. Walikwenda na bendera yao, kwa azimio la Umoja wa Mataifa lililopigiwa kura hadharani, na nchi nzima ilijua wako wapi. Majeneza yao yalipokelewa na taifa. Hapo ndipo tofauti ilipo, na askari wa Rutana walinyimwa yote hayo.

Sheria za kijeshi, hata hivyo, hazijui kutofautisha. Upande wa Kongo, serikali iliondoa Machi 2024 zuio la miaka mingi la kutekeleza hukumu ya kifo. Mei mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo askari wanane, wakiwamo maofisa watano, kwa uoga na kumkimbia adui. Julai, askari 25 walihukumiwa hivyo hivyo katika eneo la Lubero kwa muda wa siku moja ya kesi. Kati yao yawezekana wamo waliotelekeza wenzao, yawezekana wamo walioishiwa risasi na chakula, yawezekana yumo aliyeona vita havina mwenyewe. Kesi ya siku moja haiwezi kuwapambanua.

Ukipanda kaskazini zaidi kwenye eneo letu hili la Afrika Mashariki unakutana na Eritrea. Tarehe 17 Septemba 1994 vijana watatu wa Mashahidi wa Yehova, Paulos Eyasu, Isaac Mogos na Negede Teklemariam, walikamatwa kwa kukataa utumishi wa kijeshi kwa sababu ya dhamiri. Hawakusomewa shtaka wala kupelekwa mahakamani. Waliachiwa tarehe 4 Desemba 2020. Miaka 26 ilikuwa imepita. Waliingia wakiwa vijana, wakatoka na mvi. Katika muda wote huo neno moja la kukubali kubeba bunduki lingeweza kuwafungulia mlango.

Na mwaka 1968, katika kijiji cha My Lai huko Vietnam, rubani wa helikopta wa Marekani aitwaye Hugh Thompson alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakiuawa, akawaagiza wapiga bunduki wake wawafyatulie Wamarekani wenzao kama wangeendelea. Jeshi lake lilimpa nishani ya kitendo kile mwaka 1998. Miaka thelathini ilibidi ipite. Nyumbani kwao, katika muda huo, wapo waliomwita msaliti.

Tangu kesi za Nuremberg dunia imekubali kwamba amri ya mkubwa haimwondolei askari hatia ya kuua raia. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai unasema wazi, katika kifungu cha 33, kwamba amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu ni haramu kwa dhahiri. Burundi ilijitoa kwenye mkataba huo Oktoba 2017, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Tanzania na Kongo zimo. Kwa hiyo askari wa ukanda huu amewekwa mahali pagumu kweli kweli. Akitii amri haramu, anaweza kushtakiwa na dunia. Akikataa, anashtakiwa na kamanda wake, na kamanda yuko karibu zaidi.

Njia iliyobaki ni kukimbia, na ukikimbia Burundi kwenda kusini kwa kufuata ziwa, unafika Kagunga.

Hapo sheria ina la kusema, tena la wazi kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa mwaka 2013 mwongozo maalumu kuhusu madai ya hifadhi yanayotokana na utumishi wa kijeshi. Unakubali kwamba anayeadhibiwa kwa kukataa kushiriki vita vinavyokiuka sheria za kimataifa anaweza kuwa mkimbizi kamili. Shirika hilo linakubali pia kwamba mpiganaji aliyeweka silaha chini kwa dhati na moja kwa moja anaweza kusikilizwa kama raia. Tanzania ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na inayo Idara ya Huduma kwa Wakimbizi yenye uzoefu ambao nchi nyingi hazina. Imeshughulika na Warundi wa 1972, wa vita vya 1993 na wa 2015. Iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi la 1972.

Ugumu uko kwenye mwalo. Mtu anashuka kwenye boti alfajiri, wakati wavuvi wanapakua dagaa na akina mama wanasubiri na beseni zao. Hana mke wala mtoto pamoja naye. Nywele zimenyolewa, mwendo wake ni wa kambini. Wenyeji wana haki ya kuogopa: Kigoma imewahi kulalamikiwa kwamba waasi hujificha kambini, na majambazi wenye silaha za kivita wameua watu kwenye barabara za Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo wa kwanza kumhoji humwona kama hatari, na pengine anakosea kwa nia njema. Akirudishwa alikotoka kwa sababu ya mwendo wake tu, atakuwa amerudishwa mikononi mwa mahakama ile ile ya Rutana.

Katika ziwa hili ipo meli inayojua maana ya kubadilishiwa kazi. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikiwa na mizinga. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, ilitoka amri izamishwe. Mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza ili maji yasizile, kisha wakaizamisha. Iliibuliwa 1924, ikaanza safari zake mwaka 1927 kama meli ya abiria. Injini zilizolindwa na mafundi wale zilifanya kazi hadi miaka ya sabini, na bodi lile lile la meli ya vita ndilo lililowabeba Warundi wa Kagunga mwaka 2015.

Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana kila mwaka, na Burundi, Kongo na Tanzania hukaa meza moja. Wanayo mahakama yao Arusha, mji ule ule ulioizaa nusu kwa nusu ya jeshi la Burundi. Inawapasa kuuliza juu ya wafungwa wa Rutana kwa idadi na kwa jina: wangapi bado wako ndani, wangapi walipata wakili, nani alitia saini amri ya kuwavalisha sare ya nchi nyingine. Na kwa maofisa wa uhamiaji, mgambo na wenyeviti wa vijiji kuanzia Kagunga hadi Kibirizi, ombi ni jepesi zaidi. Atakaposhuka kijana wa namna ile kwenye boti ya dagaa, mikono mitupu, msimuulize tu ametoka kikosi gani. Muulizeni pia aliambiwa akafanye nini, na jibu lake liandikwe kabla boti haijageuzwa.